Mzizi wa Kufunga Njaa

Salehe Matano alikuwa na mwili tangu utotoni. Baba yake alikuwa nao, shangazi zake walikuwa nao, na katika ukoo wao pale Mlandizi mtoto mwembamba ndiye aliyetafutiwa dawa. Kwa miaka mingi mwili ule haukumpa taabu yoyote. Watu walimwita Bwana Mkubwa kwa mapenzi, na mkewe Swaumu alipoulizwa kisimani habari za mumewe alijibu kwa kujidai kidogo, maana mume aliyenawiri ni sifa ya jiko la mkewe.

Taabu ilianza mwaka wa themanini na tatu, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Mvua zilikuwa zimegoma. Sukari na sabuni zilikuwa vitu vya kusikia tu, na unga uliofika ulikuwa ule wa njano ambao watu waliuita unga wa Yanga. Salehe ndiye aliyekuwa muuzaji wa duka la kijiji. Kila gari la bidhaa lilipoingia, foleni ilianza mlangoni ikazunguka hadi nyuma ya zahanati, na wengi wa waliopanga foleni walirudi makwao na vikapu vitupu. Na nyuma ya kaunta, mbele ya macho yote yale yenye njaa, alisimama mtu mwenye kitambi.

"Sukari yetu si ile pale," alisema mwanamke mmoja kutoka katikati ya foleni. "Imefungwa mkanda."

Watu wakacheka. Salehe naye akacheka, kwa sababu angefanya nini. Lakini alasiri ile alipokwenda ofisi ya kata aliikuta ile picha ya zamani ukutani, picha ya mnyonyaji aliyechorwa kama kupe mwenye tumbo la mviringo, na chini yake mtu alikuwa ameandika kwa mkaa: SALEHE. Alitoa leso akafuta. Mkaa ukatawanyika, jina likawa doa kubwa jeusi lililoonekana kuliko mwanzo.

Hakuwa mwizi. Hakuwahi kuchota hata kibaba cha watu, na familia yake ilikula mgawo uleule waliokula wengine. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemtuhumu waziwazi, na mtu ambaye hajatuhumiwa atajitetea vipi? Akaanza kuvaa koti kwenye jua. Akaanza kusimama kiubavu anapopima unga, ili mizani imkinge. Foleni ikiwa ndefu alijikuta anavuta tumbo ndani mpaka kichwa kinamuuma.

Ndipo alipoanza kutafuta dawa.

Ya kwanza aliinunua Kariakoo, kwa kijana mwenye maneno mengi aliyekuwa na chupa zenye karatasi ya rangi. Kijana alimwapia kwamba mtu atakula pilau asubuhi na jioni na bado nyama zitamwisha. Salehe aliinywa, kisha akashinda chooni siku nzima na siku iliyofuata, akiwaambia watu wa nyumbani kwamba ni maji ya mto. Mfamasia mmoja wa hapo Kibaha, alipoonyeshwa chupa, aliinusa tu akasema ni sanamaki, dawa ya kuharisha, iliyotiwa rangi. Uzito uliopungua ulikuwa wa maji, nao ulirudi alipokunywa maji.

Ya pili hakuitafuta mbali. Siku za soko alikuwapo mama mmoja mtu mzima kutoka Vihingo, upande wa Kisarawe, ambaye alivuka reli kwa miguu na kutandika jamvi lake karibu na wauza vyungu. Aliitwa Bi Mwamini. Aliuza magome, mizizi na majani ya watoto wenye mchango, na hakumwita mteja. Ukija, umekuja. Salehe alisubiri soko likaribie kuvunjika, watu wakiwa wanafunga mizigo yao, akamsogelea kama mtu anayepita.

"Shikamoo, Bi Mwamini."

"Marahaba, baba. Mbona unaongea kama umemeza sindano?"

Salehe akatazama kulia na kushoto. "Natafuta kitu cha kupunguza hamu ya chakula."

Bi Mwamini hakucheka. Alimtazama usoni, hakumtazama tumboni, na jambo hilo Salehe alilishukuru moyoni. Akatoa kipande cha mzizi mkavu, akakivunja. Ndani kulikuwa na rangi ya manjano kama kiini cha yai.

"Huu unafunga njaa," alisema. "Ukiununua popote, kwangu au kwa mwingine, uvunje kwanza. Ukiwa mweusi ndani, umeoza. Kisha lamba. Ulimi utauma, halafu utakufa ganzi kidogo. Usipokufa ganzi, huo sio, hata ukiwa mchungu namna gani. Uchungu si dalili, kila kitu porini ni kichungu. Na mtu akikwambia utakonda huku unakula unavyotaka, huyo muache na kapu lake."

"Nipe wa unga."

"Chukua mzizi mzima, utwange mwenyewe. Unga unaficha mengi. Huwezi kujua kilichomo."

Salehe alifikiria sauti ya kinu uani kwake, na Swaumu akiuliza anatwanga nini, na jirani akichungulia juu ya ua. "Nipe wa unga tu, mama," alisema. "Na tafadhali, jambo hili libaki kwetu."

"Mimi na wewe," alisema Bi Mwamini, akamfungia kwenye karatasi. "Ncha ya kijiko kabla ya kula. Na ukihisi moyo unakwenda mbio, acha."

Dawa ilifanya kazi. Salehe alilamba ncha ya kijiko, ulimi ukauma ukafa ganzi, na sahani ilipowekwa mbele yake aliitazama kama mtu anavyotazama chakula baada ya kushiba. Akala matonge machache akanawa. Mwezi ulipokwisha, mkanda ulihitaji tundu jingine. Alianza kusimama wima nyuma ya kaunta. Siku moja alilisahau koti nyumbani, akagundua saa ya kufunga duka kwamba hakulikumbuka kutwa nzima.

Hakuona yaliyokuwa yanampata Swaumu. Aliona kwamba mkewe ameanza kupika kwa bidii zaidi, ametafuta nazi mahali ambapo nazi hazipatikani, amekaanga dagaa kwa namna ambayo harufu yake inafika barabarani. Aliona pia kwamba akinawa mapema, Swaumu anatazama sahani badala ya kumtazama yeye. Mkwewe alikuja kutoka Chole kuwajulia hali, akakaa barazani, akamkagua kutoka kichwani hadi miguuni.

"Mwanangu," mama yule alimwambia bintiye, bila kushusha sauti, "mtoto wa watu unamlisha nini?"

Swaumu aliinuka akaingia ndani, na hakutoka mpaka chai ilipopoa. Salehe alidhani ni mambo ya mama na mwana.

Kisha dawa ikaacha kufanya kazi. Machoni pake ilikuwa ileile, ndani ya kopo lilelile la kahawa alilolificha nyuma ya sanduku la nguo, nayo ilikuwa chungu kweli. Ila hamu ya kula haikufungwa, bali ilifunguliwa. Alikula akaongeza. Aliamka anawaza ugali. Mkanda ulirudi kwenye tundu lake la zamani, na katika foleni mtu akasema kwa sauti ya kusikika, "Naona gari la jana limefika salama."

Salehe alikumbuka chupa ya Kariakoo. Akajiambia kwamba wote ni walewale. Wanakuwekea kizuri juu ili uwaamini, chini wanakuchanganyia takataka. Hasira ilimpanda, na ndani ya hasira ile ilikuwamo aibu yote ya miezi ile, aibu iliyokuwa inatafuta mtu wa kubebeshwa.

Angeweza kumwendea mwenyewe. Lakini kumwendea kulikuwa kusema mbele ya soko: mimi, muuzaji wa duka, katika mwaka huu wa njaa, ninanunua dawa ya kukataa chakula. Kwa hiyo alimwendea Husseini, balozi wa nyumba kumi, ambaye pia ndiye aliyekuwa mkubwa wa mgambo sokoni.

"Kuna mtu kaniletea malalamiko," alimwambia. "Yule mama wa Vihingo anauza dawa za uongo." Akampa karatasi yenye unga kidogo. "Hii hapa. Sitaki kumtaja aliyeinunua."

Husseini siku zile alikuwa anatafuta mhujumu wa kuonyesha. Hakuuliza zaidi.

Siku ya soko, Salehe alisimama ndani ya mlango wa duka, nusu yake kwenye kivuli, akatazama. Mgambo wawili waliliendea jamvi. Husseini alimnyooshea Bi Mwamini ile karatasi, watu wakajaa.

"Hii ni yako?"

Bi Mwamini alichovya kidole akalamba. Akangoja. Akalamba tena. "Si yangu," alisema. "Yangu inatia ganzi. Hii ni chungu tu."

"Kila mwizi husema si yangu. Uliyemuuzia ndiye aliyeshitaki."

"Basi mlete. Tuulizane."

"Mtaje wewe. Ulimuuzia nani?"

Bi Mwamini aliinua uso akatazama sokoni, taratibu, kwa wauza vyungu, kwa wauza samaki, mpaka macho yake yakafika kwenye mlango wa duka na kukaa pale. Salehe aliyaona. Miguu ilimwambia atoke, ulimi ukamwambia angoje kidogo, na katika kule kungoja kidogo nafasi ikapita.

"Niliahidi kutomtaja," alisema Bi Mwamini. "Anajijua."

Watu walizomea. Mgambo mmoja akalishika jamvi kwenye pembe na kulipindua. Mizizi ikamwagika kwenye mtaro, na mwingine akaikanyaga kwa buti ili isifae kuokotwa. Husseini akamwambia asionekane tena Mlandizi. Bi Mwamini alikunja jamvi lake, akalipangusa tope kwa kiganja, akaliweka kichwani. Hakulia wala hakutukana. Salehe aliingia ndani ya duka akaanza kupanga makopo ambayo yalikuwa yamepangwa.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, alikuwa anakula mchana na Swaumu. Alikuwa anakula vizuri, maana hamu ilikuwa haimwachi, na kwa kutaka mazungumzo tu akasema, "Wamemfukuza yule mama muuza mizizi. Ati dawa zake za uongo."

Swaumu aliacha tonge hewani. "Yupi?"

"Wa Vihingo. Bi Mwamini."

Mkewe alilirudisha tonge kwenye sahani. Akanawa mkono, akaufuta kwenye khanga, akaufuta tena ulipokuwa umekwisha kukauka.

"Baba Abeid," alisema, "ile dawa kwenye kopo la kahawa. Uliinunua kwake?"

Salehe aliacha kutafuna. Hakujua kama mkewe analijua lile kopo.

"Niliimwaga," alisema Swaumu. "Nikatia gome la muarobaini nililolisaga. Mama alikuwa akitupa hilo utotoni tukikataa chakula."

"Kwa nini?"

"Unaniuliza kwa nini?" Sauti yake haikupanda, bali ilishuka. "Unalamba kitu kwa siri, halafu unakataa chakula changu. Nilidhani umepewa na mwanamke mwingine, ili changu ukile kwa macho, ukashibe kwake. Kisimani wananiuliza kama una kifua kikuu. Mama yangu mzazi kaniuliza ninakulisha nini. Wewe ulitaka kukonda, sawa. Mimi nilikuwa ninakonda machoni pa watu kila ulipokonda wewe. Hukuniambia neno."

Salehe alitazama sahani iliyokuwa mbele yake, ambayo alikuwa ameifuta mpaka chini. Alitaka kumkasirikia. Alitafuta hasira akaikosa. Kila njia aliyoipita kichwani ilimrudisha kwenye mlango wa duka, kwenye ile nusu ya kivuli, na yale macho yaliyomwona na kumwacha.

Asubuhi yake aliazima baiskeli. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo Swaumu alimfungia kwenye kitambaa mgawo wao wenyewe wa sukari na kipande cha sabuni, vitu vyote walivyokuwa navyo. Alivuka reli, akaifuata barabara ya mchanga kati ya miti, akishuka na kuisukuma baiskeli palipokuwa na mchanga mwingi. Vihingo aliuliza nyumba mara moja tu, watu walimjua Bi Mwamini.

Alimkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba ya udongo. Binti yake Saburi alikuwa karibu naye ananyonyesha. Shamba la mihogo upande wa pili lilikuwa limefukuliwa lote na nguruwe pori, matuta yamegeuzwa juu chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu ukae."

Hakumuuliza kilichomleta. Alimwambia Saburi alete chakula, kwa kuwa mgeni kwanza hula. Salehe akasema ameshiba. Bi Mwamini akasema, "Umetoka Mlandizi kwa baiskeli, umeshiba nini?" Kikaletwa kisahani cha mihogo michache iliyochemshwa, na chumvi. Kiliwekwa mbele yake peke yake. Watoto watatu waliokuwa wanacheza waliacha kucheza.

Ndipo alipomwona Saburi anatafuna. Taya lilikuwa linakwenda polepole, na pembeni mwa mdomo palikuwa na alama ya manjano.

Bi Mwamini aliona anachokitazama. "Mzizi ule hatukuujua kwa ajili ya wanene, baba," alisema. "Bibi zetu waliutafuna mihogo ilipokwisha, ili kilichobaki kiliwe na watoto. Nilikuuzia kwa sababu uliuomba, na kwa sababu nilitaka kununua unga. Sasa soko sina. Wasiutafune?"

Salehe alikuwa ameshika kipande cha muhogo. Akala, kwa sababu kukataa kungekuwa tusi la pili. Ule muarobaini ulikuwa bado unamfanyia kazi. Mate yalimjaa mdomoni, tumbo likadai zaidi mbele ya watoto wale, na yeye alitamani ardhi immeze pamoja na kisahani. Alikula vipande viwili akasukuma vilivyobaki kwa watoto. Havikukaa hata kidogo.

Kisha akakabidhi kile kitambaa cha sukari na sabuni, akasema yote. Alisema kuhusu foleni, na jina kwenye picha, na kopo, na Swaumu, na Husseini. Alisema kwamba yeye ndiye aliyepeleka neno. Alisema, "Ulinitazama, nami sikutoka."

"Niliona," alisema Bi Mwamini.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Nimeipokea sukari, Mungu akulipe, watoto watakunywa uji mtamu. Radhi zako nazo nimezisikia." Akamtazama mjukuu aliyekuwa analamba chumvi kwenye kisahani. "Lakini mimi sikufukuzwa hapa uani kwangu. Nilifukuzwa sokoni, watu wakitazama. Huku hakuna aliyenizomea."

Salehe alielewa. Njia nzima ya kurudi alitafuta namna nyingine. Aliwaza kumwambia Husseini faraghani, amruhusu mama arudi kimyakimya. Aliwaza kusema kwamba mlalamikaji alikosea, bila kumtaja. Alipofika kwenye reli alikuwa ameshazimaliza njia zote, na iliyobaki ni ile ya sokoni, mbele ya watu.

Siku ya soko alifunga duka, foleni ikiwa imeshapangwa, akaenda kusimama mahali palipokuwa na lile jamvi. Husseini alidhani ana tangazo la bidhaa akapiga filimbi ili watu wasikilize.

"Yule mama wa Vihingo hakuwa na kosa," alisema Salehe. Sauti yake ilikuwa ndogo, wakamwambia apandishe. Akapandisha. "Dawa yake ilikuwa ya kweli. Ilibadilishwa nyumbani kwangu. Aliyeinunua ni mimi. Nilitaka nikonde, ili msiseme nakula vitu vyenu. Nikamshitaki kwa Husseini kwa mlango wa nyuma, na mlipomzomea nilikuwa pale mlangoni."

Halafu mtu mmoja akarudia, "Dawa ya kukataa chakula?" na kicheko kikaanza kwa wauza samaki kikaenea. Watu walikuwa wamelala na njaa kwa miezi mingi, nao walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mwanamke yule wa foleni alijifuta machozi. Husseini hakucheka. Alitazama buti zake, akaondoka pale bila kumuaga mtu.

Kicheko hakikuisha siku ile. Watoto walimwimbia Salehe njiani. Swaumu alitaniwa kisimani kwamba yeye ndiye mganga wa kweli, na jioni moja alirudi bila maji, akakaa jikoni, akasema, "Ungeniambia tangu mwanzo tungeaibika wawili tu." Salehe alikaa karibu naye. Akamenya vitunguu.

Kuhusu duka, kulikuwa na mmoja au wawili walioacha kumtilia shaka, na wengine walisema anayeweza kuficha kopo la kahawa anaweza kuficha na gunia. Mwili wake ulibaki vilevile.

Bi Mwamini alirudi mvua za vuli zilipoanza. Alitandika jamvi mahali pake, na watu waliomzomea walikuwa wa kwanza kumuuliza dawa za watoto. Dukani alipohitaji kitu alimtuma Saburi. Salehe alikuwa akitoka kila siku ya soko, anavuka barabara mbele za watu, anasimama kwa adabu mbele ya jamvi na kumwamkia. Bi Mwamini alikuwa akipanga mizizi yake.

"Marahaba," alijibu kila mara, na hakuinua uso.